Kujithamini kwa Kweli: Kunatoka Wapi na Kunajengwaje

Msimu wa harusi ukifika Tanga, kamati hutangaza sare kwenye kundi la WhatsApp hata ukumbi haujalipiwa. Kijora cha rangi fulani, mtandio wa kuendana nacho, viatu jitegemee. Shughuli tatu mwezi mmoja, sare tatu. Wapo wanaokopa kwenye kikoba wanunue sare ya harusi ya mtu wanayemjua kwa mbali tu, ili wasije wakasemwa. Ukiwauliza watakwambia wanajiheshimu. Huenda ni kweli, lakini heshima inayohitaji mkopo kila mwezi ina tundu mahali, na mwongozo huu ni wa kulitafuta tundu hilo na kuliziba.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kujithamini kuna sehemu mbili. Ya kwanza ni thamani yako kama mtu. Hiyo umezaliwa nayo, huichumi, wala hakuna wa kukunyang'anya. Ya pili ni imani juu ya uwezo wako, na hiyo haiji bure hata kidogo. Inachumwa kwa kazi, kwa muda na kwa kukosea. Wengi wetu tumezigeuza. Tunahangaika kuichuma ile tuliyopewa bure, kwa sare, kwa cheo, kwa kuhesabu waliotazama stetasi. Kisha ile ya kuchumwa tunataka tupewe bure, kwa kusifiwa na kwa kujiambia maneno matamu mbele ya kioo.

Fuata hatua nne za mwanzo kwa mpangilio. Zilizobaki unaweza kuzichanganya utakavyo.

Kabla ya yote, achana na kioo

Utasikia ushauri huu kila kona: amka asubuhi, jitazame, jiambie wewe ni mshindi. Umeshajaribiwa, tena kwa fedha za umma. Mwaka 1986 jimbo la California nchini Marekani liliunda jopo rasmi la kukuza kujithamini, kwa matumaini kwamba watu wakijipenda zaidi, uhalifu, ulevi na kufeli shule vitapungua. Mwaka 2003 mwanasaikolojia Roy Baumeister na wenzake wakapitia tafiti zilizokuwa zimerundikana. Waliona kwamba mwenye kujithamini huwa na furaha zaidi na hakati tamaa upesi akishindwa, lakini kumpandisha mtoto kujithamini hakumfaulishi darasani. Uhusiano uliopo kwa sehemu unakwenda upande wa pili: anayefaulu ndiye anayeanza kujiona ana thamani.

Mwaka 2009 Joanne Wood na wenzake walichapisha jambo la ajabu zaidi. Waliwaambia watu wajirudierudie kwamba wao ni watu wa kupendeka. Wenye kujithamini kwingi walijisikia vizuri kidogo. Wenye kujithamini kudogo, yaani hasa wale walioihitaji dawa, walijisikia vibaya kuliko walivyokuwa. Mimi sishangai. Ukiiambia nafsi jambo isiloliamini, inakujibu, na majibu yake yana ushahidi: ule mtihani, ile kazi, yule aliyekuacha.

Kwa hiyo hatutaanza na maneno. Tunaanza na daftari.

Hatua ya kwanza: jua umeegemea wapi

Daftari la shule linatosha. Kwa wiki moja andika kila mara ulipojisikia mdogo ghafla, na kila mara ulipojisikia umepanda. Usieleze hisia kwa urefu. Andika kilichotokea, nani alikuwepo, na wewe ulifanya nini baadaye. "Mama mkwe kasifu pilau la wifi mbele yangu. Nikanyamaza, nikaenda kuosha vyombo." "Nimefunga hesabu za duka, hazikupungua. Nimelala vizuri." Basi.

Wiki ikiisha, gawa matukio hayo mafungu. Utasaidiwa na orodha iliyotolewa mwaka 2001 na Jennifer Crocker na mwenzake, waliotaja maeneo saba ambako watu huegemeza thamani yao: kukubalika kwa watu, sura na umbo, kuwashinda wengine, masomo, upendo wa familia, uadilifu, na upendo wa Mungu. Tafiti za Crocker kwa wanafunzi wa chuo zilionyesha kwamba wanaoegemea zaidi ya nje, kama sura na kukubalika, huandamwa zaidi na msongo na ugomvi. Mtu wa huku kwetu akiisoma orodha hiyo atasema mbili za mwisho amefundishwa madrasa au kanisani hata kabla hajajua kuandika jina lake. Sawa. Daftari ndilo litakaloonyesha anaishi wapi, na mara nyingi litaonyesha zile tatu za mwanzo.

Egemeo la nje lina ubaya mmoja mkubwa: haliko mikononi mwako. Mkoa huu unalijua hilo kwa gharama. Mwaka 1964 nchi ilizalisha takriban tani 230,000 za mkonge, na Tanga ndiyo iliyokuwa kitovu. Mnyapara au karani wa shamba kubwa jina lake lilikuwa na uzito hadi sokoni. Kisha nyuzi za plastiki zikaingia, bei ikaporomoka, shamba moja baada ya jingine likageuka pori. Aliyekuwa na cheo peke yake alibaki akisimulia cheo. Mwenye ufundi aliweza kuhama nao.

Hatua ya pili: punguza madai

Mwaka 1890 William James, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika kwamba kujithamini ni mafanikio yako ukiyagawa kwa madai yako, yaani yale unayodai uwe. Alijitolea mfano mwenyewe: kwa kuwa alikuwa ameweka dau lote kwenye saikolojia, aliona haya wengine wakijua saikolojia kumzidi, lakini ujinga wake wa Kigiriki haukumnyima usingizi, kwa sababu hakuwahi kudai kukijua. Watu wengi wanakimbilia kuongeza mafanikio tu. Anayegawa anaweza pia kupunguza kigawanyo.

Chukua kijana aliyebaki Tanga huku binamu zake wamekwenda Dar es Salaam. Kila Idi wanarudi na simu mpya na stori za Kariakoo. Yeye anadai kwa siri: niwe na gari kabla ya miaka thelathini, nijenge, nioe harusi ya kusemwa, nimsomeshe mdogo wangu, niwe fundi anayeaminika. Madai matano, na matatu si yake, ameyaokota barazani.

Kwa hiyo andika madai yako yote, hata yale ya kipumbavu. Kila moja liulize: kama hakuna mtu angewahi kujua nimelipata, bado ningelitaka? Yatakayoshindwa swali hilo yapigie mstari. Si lazima uyafute siku hiyo. Kaa nayo siku chache. Ukiliacha dai ukajisikia mwepesi, halikuwa lako. Ukiliacha ukajisikia umejisaliti, lirudishe, na ulifanyie kazi kwelikweli. Tahadhari moja: hatua hii si ruhusa ya kuacha kila kitu. Mtu asiyedai chochote kwenye karatasi ya James hatoki na kujithamini kukubwa. Anatoka na karatasi tupu.

Hatua ya tatu: shika ufundi mmoja

Hapa ndipo kwenye kazi yenyewe, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwaka 1977 Albert Bandura alieleza vyanzo vinne vya imani ya mtu juu ya uwezo wake. Kilicho imara kupita vyote ni kufanya jambo gumu wewe mwenyewe na likakubali. Kinafuata kumwona mtu wa hali yako akilifanya. Cha tatu ni maneno ya wengine. Cha nne ni hali ya mwili: moyo unavyodunda, mikono inavyotetemeka, na tafsiri unayoipa. Angalia sifa za watu zilivyo nyuma kwenye foleni. Maneno yanaweza kukusukuma ujaribu, lakini yasipofuatiwa na kufanya, yanachuja upesi.

Chagua jambo lenye sifa tatu. Matokeo yake yaonekane bila mtu kuyasema. Liwe na ngazi, kutoka jepesi hadi gumu. Na awepo mtu anayelihitaji.

Kwa mji wa baiskeli kama huu, mfano rahisi ni fundi baiskeli wa Ngamiani. Mwanagenzi anaanza na pancha. Anatoa tyubu, anaijaza upepo, anaizamisha kwenye karai la maji, anafuata mapovu mpaka kwenye tundu. Anakausha, anasugua kwa msasa, anapaka solusheni, halafu anangoja ikauke kidogo ndipo abandike kiraka. Kungoja huko ndiko kunakowashinda wengi. Wakibandika ikiwa bado mbichi, kiraka kinabanduka, na mteja anarudi akisukuma baiskeli kwa mkono. Hakuna haja ya kumkaripia kijana; tairi limeshasema. Siku likikaa, nalo linasema, na hakuna jirani anayeweza kulibatilisha.

Baada ya miezi anapewa ringi iliyopinda. Ringi ikivuta kulia, anakaza spoku za kushoto pale pale inapovuta na kulegeza kidogo za kulia, robo mzunguko kwa robo mzunguko, akizungusha gurudumu na kutazama. Akienda kwa pupa anaharibu duara lote. Siku gurudumu linapozunguka limenyooka bila kugusa breki, kijana yule ana kitu ambacho hakikuwepo asubuhi, wala hakukipata kwa kuambiwa.

Kwako inaweza kuwa cherehani, mapishi ya kuuza, hesabu za duka, kusoma Qur'ani kwa tajwidi, kuogelea, Kiingereza, kilimo cha mwani. Mimi nasisitiza kimoja, si vitatu. Watu wenye kujidharau wana tabia ya kuanza mambo mengi kwa sababu mwanzo ni mtamu na hauna mtihani. Kipe miezi mitatu kabla hujafikiria kubadili.

Halafu tumia vyanzo vile vingine kama wasaidizi. Tafuta aliyekutangulia kidogo tu, kwa sababu bingwa wa mbali anakutisha. Aliyeanza mwaka jana anakuonyesha njia ilivyo. Chagua mtu mmoja wa kukusahihisha, anayeijua kazi na asiyekuogopa. Na moyo ukidunda kabla ya usaili au kabla ya kusimama mbele za watu, jua kwamba hata waliozoea mioyo yao hudunda. Tofauti ni kwamba wao hawausomi mdundo ule kama hukumu.

Ufundi huo si lazima uwe kazi inayokulisha. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani hapa Tanga mwaka 1909, aliajiriwa ukarani wa forodha mwaka 1926, na ajira ya serikali ya kikoloni ndiyo iliyomlisha miaka mingi. Kwenye ngazi ya vyeo ya wakati ule alikuwa karani Mwafrika, mwisho wa habari. Alichokijenga kwa kalamu nje ya saa za ofisi hakikuomba ruhusa ya ngazi hiyo. Ukiwa na kazi inayokudogosha mchana, jioni yako ni mali kuliko unavyodhani.

Hatua ya nne: timiza ahadi unazojiahidi

Mtu anayekuahidi kila siku na asitokee, utaacha kumwamini, hata akiwa ndugu. Nafsi nayo inafanya hivyo hivyo kwako. Kila "kesho naanza" isiyoanza inaandikwa mahali.

Anza na ahadi moja ndogo kiasi kwamba utaitimiza hata siku mbaya: kuandika mauzo ya leo kabla ya kulala, kutogusa simu mpaka umeshaswali alfajiri, kutembea hadi Raskazone na kurudi. Iweke alama kwenye daftari kila siku. Ukikosa siku moja, andika sababu kwa maneno machache na uendelee kesho kwa kiasi kile kile. Usijiadhibu kwa kujiwekea mara mbili. Ikishakuwa mazoea, ongeza ya pili.

Sehemu ngumu zaidi ya hatua hii ni kukataa, kwa sababu kila "ndiyo" ya uongo kwa watu ni ahadi iliyovunjwa nyumbani. Turudi kwenye sare. Usikae kimya, usizime simu, usiseme unaumwa. Mpigie mmoja wa kamati kabla ya siku ya mwisho ya kuchangia na useme: "Shoga, sare safari hii sitaiweza. Nitavaa kijora changu. Ila asubuhi ya shughuli nihesabuni jikoni, nakuja kumenya vitunguu." Kama ni mtu mzima kwako, anza na shikamoo, mwite kwa cheo chake, na maneno yawe yale yale: "Shangazi, naomba uniwie radhi, sare sitaiweza, lakini kazi nitafanya." Usiongeze maelezo. Maelezo marefu yanafungua mnada.

Watasema? Watasema. Wiki mbili, kisha atapatikana mwingine.

Hatua ya tano: jifunze kujisemea ukishindwa

Ukifanya hatua ya tatu utashindwa mara nyingi, kwa hiyo hii haikwepeki. Kristin Neff alieleza mwaka 2003 namna ya kujihurumia yenye mambo matatu: kujisemea kwa upole, kukumbuka kwamba kukosea ni kwa wanadamu wote, na kuyatazama maumivu yalivyo bila kuyakuza wala kuyafunika.

Njia ya kuanza ni kubadili umbo la sentensi. "Mimi mpumbavu" ni hukumu juu ya mtu. "Nimekosea kipimo, kiuno kimebana" ni habari juu ya kazi, na ina dawa: fumua, ongeza, shona upya. Ukikwama, jiulize ungemwambia nini mdogo wako aliyeharibu kitambaa kile kile. Usingemwambia amefanya vizuri. Ungemkalisha, ungemwonyesha alipokosea, ungempa kipande kingine. Jifanyie hivyo.

Kuna wanaoogopa kwamba upole utawafanya wavivu. Nadhani hofu hiyo inatokana na fimbo tulizosomea. Anayejitukana akikosea hutumia nguvu zake kujificha, na fundi anayeficha kosa halirekebishi.

Hatua ya sita: kaa na watu, na uwe na faida kwao

Mark Leary na wenzake walieleza mwaka 1995 kwamba hisia ya kujithamini hufanya kazi kama geji ya mafuta ya gari: inapima kama umekubaliwa na wenzako au unaelekea kuachwa. Nimeupenda mfano huo kwa sababu unaonyesha ujinga wa kuusukuma mshale kwa kidole. Sifa za mtandaoni zinasukuma mshale. Kinachojaza tangi ni kuwa mahali ambapo usipokuwepo kuna pengo.

Pwani hatujakosa mahali pa namna hiyo. Nenda msibani mapema. Pale hakuna anayeuliza simu yako ni ya aina gani. Wanatafuta wa kuchota maji, wa kupasua kuni, wa kuchimba, wa kukaa na mfiwa bila kusema mengi. Mtu aliyeshika jembe kaburini hana haja ya kuambiwa kwamba ana maana. Nenda pia kwa wazee wa mtaa wako, usafishe msikiti au kanisa, fundisha watoto wa jirani hesabu. Usipige picha.

Upande wa pili, pima watu wako. Utani ni sehemu ya maisha yetu na siuogopi; mtani akikutania, mnacheka wote, na kesho anakujia na samaki. Masimango ni jambo jingine: yanarudi kwenye jeraha lile lile, mbele ya hadhira, na ukilalamika unaambiwa huna ngozi. Mtu wa namna hiyo, kama ni rafiki, mpunguzie muda. Kama ni mzazi au mume, huwezi kumpunguza kirahisi, lakini unaweza kupunguza unachomwambia: habari za ufundi wako mpya mpelekee ukishaiva.

Kwa wenye watoto

Hili ni fupi kwa sababu ni rahisi kusema. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck waliwapa watoto wa shule mafumbo, kisha wengine wakasifiwa akili na wengine juhudi. Yalipokuja mafumbo magumu, waliosifiwa akili walikata tamaa upesi, wakafanya vibaya zaidi, na wengi wao kuliko wenzao wakadanganya alama zao. Kwa hiyo badala ya "mashallah, mwanangu una akili", sema ulichokiona: "Nimekuona umeirudia hiyo aya mpaka imekaa." Na mtoto akirudi na alama mbaya, apewe chakula kwanza. Hapo ndipo anapojifunza ile sehemu ya thamani isiyochumwa.

Daftari lisipotosha

Zipo hali ambazo mazoezi haya si dawa yake. Ukiwa na huzuni nzito au umepoteza hamu ya kila kitu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, usingizi na chakula vikavurugika, au ukaanza kuwaza kwamba afadhali usiwepo, huo unaweza kuwa ugonjwa wa sonona, na unatibika. Kama ni mawazo ya kujidhuru, usisubiri kliniki: mwambie mtu mmoja sasa hivi, asikuache peke yako, na mwende hospitali leo. Kwa mkazi wa mjini, hospitali ya rufaa ya mkoa ni Bombo. Walio upande wa Korogwe wana Lutindi, hospitali ya milimani iliyohudumia wagonjwa wa akili tangu enzi za Wajerumani. Anayepigwa au kunyanyaswa nyumbani aende dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi. Mtoto anaweza kupiga 116.

Watu wengi hufika hospitali wakaona haya dirishani, wakasema wanaumwa kichwa, wakarudi nyumbani na vidonge vya maumivu. Sema hivi: "Nimekuja kwa afya ya akili, naomba kuonana na mhusika." Chukua na daftari lako, kurasa zile za wiki ya kwanza zitamwambia daktari mengi ambayo mdomo utayaruka.